Risasi Nilizozing'arisha

Mimi sipendi uchafu. Nilikuwa hivyo tangu nikiwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja pale Lizaboni, na nilipoacha kushona nikaajiriwa ulinzi, tabia hiyo nilihama nayo. Viatu vyangu viling'aa kuliko vya msimamizi wetu. Sare niliipiga pasi hata asubuhi ambayo mvua ya Songea ilikuwa imeshaamua kunilowesha kabla sijafika njia panda. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani niliyoyafanya niliyafanya kwa uzembe. Uzembe ningejisamehe.

Lindo langu lilikuwa ghala la mbolea, Bombambili. Mchana nilikaa mimi, usiku alikaa mzee mmoja wa kutoka Namtumbo, mkulima wa tumbaku na mahindi aliyekuja mjini kutafuta mshahara akiwa ameshapita miaka sitini. Mkewe alibaki shambani. Mzee huyo alikuwa mtu wa maneno machache, mimi ni mtu wa mdomo, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Aliniita mama fundi kwa sababu ya ile kazi yangu ya zamani, na wote pale kazini wakalichukua jina hilo.

Bunduki yetu ilikuwa moja, shotigani ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati. Unaikunja, unatia risasi moja, unaifunga. Ukishapiga, unaikunja tena unatia nyingine. Na risasi zetu zilikuwa mbili tu, hizo hizo, miaka yote. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni tulisimama mlangoni, anayetoka anaikunja bunduki mbele ya anayeingia, anamwonyesha mtutu mtupu, anampa risasi mkononi, moja, mbili, tunasaini daftari. Risasi zenyewe zilikuwa na ganda jekundu la plastiki na kitako cha shaba, na katikati ya hicho kitako pana kiduara kidogo kinachoitwa fataki. Pini ya bunduki hugonga hapo, fataki ikawaka, baruti nayo ikafuata.

Sasa, shaba na masika ya Songea havipatani. Wiki moja tu kitako kinaota ukijani. Walinzi wengine waliacha hivyo hivyo, mimi nikaona ni aibu. Nyumbani nilikuwa bado na kichupa changu cha mafuta ya cherehani, yale mepesi yanayopenya hata mahali usipopafikia kwa kidole. Kila jioni kabla ya kukabidhi, tone moja kwenye kitambaa, nasugua kitako cha kwanza, nasugua cha pili, nahakikisha hata kwenye ule mzunguko wa fataki hakuna doa. Msimamizi alipopita ukaguzi aliwaonyesha wenzangu, akasema hivi ndivyo risasi inavyotakiwa kuwa. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Mzee alizipokea, akazinusa vidoleni.

"Mama fundi, hizi zinanukia cherehani."

"Afadhali zinukie cherehani kuliko ugoro wako," nilimjibu, na akacheka kwa mabega, bila sauti.

Alfajiri moja ya mvua, kama miaka miwili iliyopita, nilifika lindoni nikakuta geti limelala chini. Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ghala, mkono wa kushoto umevimba, bunduki iko magotini. Watu wanne walikuja na mapanga na kigari, wakachukua mifuko waliyoitaka, wakaondoka. Walimpiga bapa la panga tu, hawakuona haja ya kumkata. Niliwaita walinzi wa malindo ya jirani na msimamizi, naye akaja na pikipiki, akaikunja bunduki mbele yetu sote. Risasi moja mtutuni, nyingine kwenye mkoba wa kiunoni. Akazishika juu kama anaonyesha mayai sokoni.

"Mbili nzima," akasema. "Mzee, watu wanabeba mali, wewe una bunduki, na risasi mbili nzima."

"Nilibonyeza," mzee akasema. "Ikasema ta. Haikulia."

"Ilisema ta."

"Ilisema ta."

Msimamizi alitutazama, na sisi tukacheka. Na mimi nilicheka. Tulikuwa tumezoea kwamba aliyesinzia lindoni huwa na hadithi, na hiyo ilikuwa hadithi ya kitoto. Risasi haikuwa imelia, kwa hiyo hakupiga. Hakuna aliyekigeuza kitako kukiangalia. Mzee hakubishana. Alirudia mara moja tu kwamba alibonyeza, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake tukakuona ndiko kukiri kwenyewe.

Alifukuzwa wiki ile ile. Siku anakuja kurudisha sare nilikuwa hapo, na mdomo wangu huu haukutulia. Nilimwambia, "Mzee, siku nyingine ikikataa uipe chai, labda itakubali." Watu walikufa kwa kicheko. Yeye aliikunja sare vizuri, shati juu ya suruali, akaiweka mezani, akaniambia, "Lindo salama, mama fundi," akaenda zake kwao Namtumbo. Ofisini ikabaki ile "mbili nzima." Mtu akishindwa kumtongoza msichana, mbili nzima. Akiogopa mbwa, mbili nzima. Nasikia maneno hayo yalifika mpaka kwao, maana wapo walinzi wa kutoka huko huko.

Risasi zilirudi kwenye mkoba, nami nikaendelea kuzing'arisha. Na hapa niseme ukweli wote. Nilikiona kidoti kwenye fataki, kwenye risasi zote mbili, kibonyeo kidogo pembeni ya katikati. Nikadhani zimeangushwa. Nikakisugua, maana uchafu hupenda kukaa kwenye vitu kama hivyo.

Mwaka huu kampuni ilisema kila mlinzi wa silaha lazima apimwe shabaha, asiyefaulu anarudi kushika rungu. Walimleta mkufunzi, mwanajeshi mstaafu, mtu wa kuja kutoka kanda ya ziwa, aliyevaa sweta mbili na kutulaumu kwa baridi ya Julai kama vile tumeitengeneza sisi. Uwanja wenyewe ulikuwa bonde moja nje ya mji, na mbele yake ukingo mrefu wa udongo wa kupokea risasi. Tulikuwa walinzi sita, pamoja na msimamizi.

Mkufunzi hakutupa bunduki mara moja. Alitandaza gunia, akapanga risasi za aina tatu, akachukua moja ya kila aina, akazipasua kwa kisu na kumimina vilivyomo kwenye sahani tatu za bati. Sahani ya kwanza ilijaa marisawa madogo kama ulezi, huwezi kuyahesabu. Ya pili ilikuwa na punje tisa kubwa kama njegere. Ya tatu ilikuwa na donge moja tu, zito, nene kama kidole gumba. Alitupitishia sahani mkononi kama mtu anayekaribisha karanga.

"Kwa nje zinafanana," alisema. "Ndiyo maana nimezipasua."

Tulianza na za marisawa madogo, hatua kumi na tano kutoka kwenye boksi lililobandikwa karatasi. Bunduki ilinisukuma bega kidogo tu, na karatasi ikatoboka kote kama chekeche. Mkufunzi alisema za kujifunzia ni hizi, kwa sababu bega likishaogopa, jicho hufumba kabla ya kidole kuvuta, na hapo hata ufundishwe mwezi mzima huwezi kulenga. Baadaye tukapewa za punje tisa. Hizo zilipiga kweli. Nilirudi hatua moja nyuma, na kwenye karatasi nikapata mashimo saba, yote ndani ya eneo la ungo mdogo. Mbili sijui zilikwenda wapi. Ile ya donge aliipiga yeye mwenyewe mara moja, tukaona tundu moja la kuingiza kidole gumba. Akasema hiyo si ya kwetu. Ukiipiga ghalani inatoboa bati na kumfuata mtu wa nyumba ya pili aliyekaa kula ugali wake.

Nilifurahi siku ile, sitaki kudanganya. Jicho la fundi halizeeki upesi. Nilikuwa wa pili katika wote, na moyoni nilishaanza kujipangia nitakavyotamba.

Ndipo mkufunzi akasema, "Sasa toeni risasi za lindo."

Msimamizi akaingilia. Alisema hizo ni za kazi, hazichezewi, kampuni haijawahi kuzipiga mazoezini. Mkufunzi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Afande," akasema, "nikiwapa vyeti sasa hivi, nitakuwa nimepima risasi zangu. Zao sijazipima. Wanatembea na hizo."

Walinzi wawili wa malindo mengine walitangulia. Risasi zao zilikuwa chafu, zimeota ukijani mpaka nikaona kinyaa. Zililia zote, na udongo wa ukingo ukaruka. Ikafika zamu yangu. Nilitoa zangu zinang'aa kama hereni, na mkufunzi akazitazama, akanitazama. Nikatia ya kwanza, nikafunga, nikalenga, nikavuta.

Ta.

Nilitaka kuikunja nione kuna nini. Mkufunzi akaweka kiganja chake hewani mbele yangu.

"Usifungue. Mtutu mbele. Kuna baruti huwaka kwa kuchelewa, itakulipukia usoni. Hesabu mpaka sitini."

Nikahesabu. Sijawahi kusimama dakika ndefu namna ile. Mpaka kumi nilikuwa naona aibu ya cheti tu. Kwenye ishirini ile sauti ikanirudia sikioni, ta, ndogo, kavu, kama mtu anayefunga kibweta. Kwenye thelathini nikamsikia mzee akisema, ilisema ta. Hakusema ilikwama, hakusema iligoma. Alisema ilivyosema. Kuanzia hapo sikumbuki kama nilihesabu au nilikuwa nasogeza midomo tu.

"Fungua."

Mkufunzi aliitoa risasi mwenyewe, akakigeuza kitako kwenye jua.

"Hii imegongwa mara mbili," akasema. "Pini ya bunduki hii imeegemea upande, haigongi katikati, na risasi ikitiwa upya huwa imezunguka, ndiyo maana alama zimekaa mbalimbali. Hii ni ya sasa hivi, bado mbichi. Hii nyingine ni ya zamani. Nani aliipiga?"

"Hiyo haijawahi kupigwa," msimamizi akasema.

"Imepigwa. Haikuwaka."

Nikatia ya pili. Ta. Tukasimama dakika nyingine, na nilipoikunja na ile pia ilikuwa na alama mbili. Mkufunzi akainusa kama mzee alivyokuwa akifanya.

"Nani anazipaka mafuta?"

Mimi ndiye niliyetakiwa kujibu, na sikujibu. Akatueleza, bila hasira, kwamba mafuta mepesi hutambaa pembeni mwa fataki mpaka ndani, yakaiua, na kwa nje risasi inabaki nzuri kuliko zote. Risasi hufutwa kwa kitambaa kikavu, basi, na ukijani kidogo hauizuii kulia. Akatuambia tuzipige picha kwa simu zetu ili tusisahau, tukainama wote tukapiga picha vile vitako viwili na alama zake nne, kisha akazitia kwenye ndoo ya maji.

Nilipata cheti. Siku nzima watu walinipongeza, na kila pongezi ilinichoma. Nilikuwa nimeelewa yote pale pale uwanjani, na najua msimamizi naye alielewa, kwa sababu tangu siku ile alianza kunisalimia kwa heshima kupita kawaida, nami nikamjibu hivyo hivyo. Tukawa wawili tunaotunziana siri bila kuambizana. Nilijiambia mambo ya miaka miwili yamekwisha. Nilijiambia nikisema watanipokonya bunduki. Niliona aibu, na aibu ilinifanya nipige pasi mpaka vitambaa vya jikoni.

Wiki ilipita. Jumatatu kwenye gwaride la asubuhi, mtu mmoja alichelewa kuinua mguu, na mwingine akasema, "Mbili nzima." Wakacheka kama kawaida yao. Nilitoka kwenye mstari.

"Nina la kusema," nikasema. "Yule mzee alibonyeza. Mmeziona alama. Risasi niliziua mimi kwa mafuta ya cherehani, kila jioni, kwa mikono yangu hii. Na nilimcheka."

"Mama fundi," msimamizi akasema taratibu, "mambo hayo yameshapita."

"Kwako yamepita."

Hakuna aliyecheka. Walinipokonya bunduki, wakanipeleka getini na rungu, na sikulalamika. Maneno ya mbili nzima yalikoma siku ile, sijayasikia tena.

Jumapili nilipanda basi asubuhi nikaenda Namtumbo. Ukweli ni kwamba nilikwenda nikiwa nimejiridhisha kidogo, kama mtu aliyekwisha kufanya la haki na sasa anapeleka habari njema. Nilimkuta mzee nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi. Mkewe alikuwa hatua chache pembeni, anapepeta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama fundi." Akaendelea na gunzi lake. "Hiyo shikamoo ni ya kwanza kuipata hapa nyumbani tangu nirudi. Mke wangu huyu alikuwa akinipa kila asubuhi, tangu nimemuoa. Niliporudi na habari zile, akaacha."

Alisema akicheka kwa mabega, kama zamani. Mkewe hakucheka. Aliendelea kupepeta, na makapi yakaenda na upepo upande wetu.

Nikamweleza. Nilimweleza risasi za aina tatu, uwanja, ile sauti, alama, mafuta. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia nimeshasema mbele ya gwaride zima, na nimekuja kumwomba radhi kwa risasi na kwa lile neno la chai. Mzee alisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, jambo ambalo hutokea mara chache.

"Nilikuwa nasikia harufu," akasema. "Sikujua kama inaua."

"Nisamehe, baba."

"Nimeshasikia." Akaelekeza gunzi kwa mkewe. "Mwambie huyo. Mimi najua nilichofanya. Mwambie huyo."

Mkewe alikuwa amesikia yote, bila shaka, kwa hatua chache zile. Lakini nilimwendea, nikampa simu, nikamwonyesha picha. Hii alama mbichi ni yangu, nikamwambia. Hii ya zamani ni ya mumeo, siku ile. Na kwenye risasi hii nyingine, hii hapa, nayo ni ya kwake.

Aliishika simu muda mrefu. Kisha akauliza, si mimi, alimuuliza mumewe, "Zilikuwa mbili?"

"Mbili."

"Bunduki inaingia moja."

"Moja."

"Ya kwanza ilipokataa," mama yule akasema, "ukafungua, ukaitoa, ukatia nyingine. Na wao wamesimama na mapanga."

"Walikuwa karibu, kama kutoka hapa mpaka kwenye shina lile la muhindi," mzee akasema.

Mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria hilo. Katika wiki yote ile ya kujuta, nilihesabu alama nne na sikufikiria mikono iliyobadilisha risasi gizani kwenye mvua mbele ya watu wanne. Mama yule alinirudishia simu. Akaweka ungo chini, akajipangusa makapi mikononi na kwenye kanga, akavuka ule uwanja mdogo mpaka kwenye kigoda, akapiga goti mbele ya mumewe.

"Shikamoo," akasema.

Mzee aliangalia gunzi lililokuwa mkononi, likiwa limebaki na punje chache upande mmoja, akaliweka chini.

"Marahaba," akasema.